Je, matajiri wa masoko ya fedha wote hutajirika kwa kubashiri bei?

Kwa miaka mingi wengi wameamini kwamba mjasiriamali aliyetajirika katika masoko ya fedha aliweza kuona bei kabla haijapanda. Imani hiyo inaeleweka, maana simulizi za maisha yao hupenda kuanza na dau moja kubwa lililolipa.

Wapo waliofanikiwa hivyo. Lakini wengine utajiri wao umetokana na kujenga biashara: udalali, usimamizi wa mifuko ya uwekezaji, kuuza takwimu na programu. Mfuko wa milioni 100 unaotoza ada ya asilimia 2 kwa mwaka humwingizia msimamizi milioni 2, hata mwaka ambao wateja hawakupata faida. Naye mfanyabiashara anayenunua hisa kwa 99 kutoka kwa muuzaji na papo hapo kumuuzia mwingine kwa 100, bila kubashiri bei, huishi kwa tofauti hiyo ya 1, ikijirudia maelfu ya mara.

Ukitaka kuhakiki tajiri fulani alipataje utajiri wake, na kampuni yake imeorodheshwa kwenye soko la hisa, fungua ripoti ya mwaka. Tafuta mstari wa ada na kamisheni kwenye taarifa ya mapato. Mimi huanzia hapo kabla ya kusoma wasifu wowote. Na anayekuuzia kozi ya kubashiri, mwombe hesabu zilizokaguliwa za miaka kadhaa, hasara zikiwemo. Picha ya faida ya siku moja kwenye simu haitoshi.