Elektroniki sio umeme mdogo jamani

Nimesikia tena mtu anamshauri kijana anayetaka kusoma teknolojia ya elektroniki na kompyuta, eti "soma tu umeme, ni kitu kilekile, elektroniki ni umeme mdogo mdogo wa redio na simu". Hapana jamani. Elektroniki ni elimu ya kuuongoza umeme kwa umeme wenyewe, kwa transista (swichi ndogo inayoendeshwa na umeme), dayodi (inayopitisha umeme upande mmoja tu) na chipu (kijipande chenye transista nyingi ndani), na ile ya kompyuta inaongeza programu za kuamua uongozwe vipi. Maana ndo hiyo.

Nadhani jina ndo linachanganya. Sisi umeme tumeutoa mawinguni, ule mmweko wa radi, kwahiyo ukilisikia hilo neno unawaza nguvu tu. Elektroniki imepita njia nyingine kabisa, Kigiriki elektron ni kaharabu, ule utomvu wa miti uliogeuka jiwe ambao ukiusugua unavuta unyoya (na Waarabu mpaka leo umeme wanauita kahraba, ni hiyohiyo kaharabu yetu). Mwaka 1891 mwanafizikia George Stoney akalichukua jina akakiita kipimo kidogo kabisa cha chaji elektroni, 1897 mwanafizikia mwingine, J. J. Thomson, akaonyesha kwamba chembe yenyewe ipo kweli, na elektroniki ikapata jina kwa hiyo chembe.

Sasa hii ya "mdogo" ndo inaniuma zaidi. Tochi ya kizamani, betri mbili na balbu, ni volti 3 tu na hakuna elektroniki humo, ni swichi na waya basi. Halafu treni ya umeme inayoendeshwa na inveta (kifaa kinachogeuza umeme wa DC kuwa AC), volti mamia kwa maelfu, ile inveta ni elektroniki tupu. Ukubwa hauhusiki kabisa.

Angalia rilei ya volti 5, yaani swichi inayovutwa na sumaku ya umeme. Koili yake, ule waya uliozungushwa, inaweza kutaka mkondo wa milliampia 70 hivi, wakati mguu mmoja wa Arduino Uno (kibodi kidogo chenye chipu unayoiandikia programu) unashauriwa usivuke 20, ukiunga moja kwa moja unaweza kuiua chipu. Kwahiyo unaweka transista katikati, ina miguu mitatu, mkondo kidogo unaingia kwenye mguu wa besi, ule mkubwa unapita mguu wa kolekta kwenda wa emita, na juu ya koili unafunga dayodi kinyume maana koili ikizimwa inarusha volti kali inayoweza kuchoma transista. Programu inasema washa, unasikia rilei "ta!". Hapo umeshika elektroniki na kompyuta kwa mkono mmoja, na ndo maana zinafundishwa pamoja, prosesa yenyewe ni transista zilizojipanga, prosesa ya Intel 4004 ya 1971 ilikuwa nazo kama 2,300.

Kusoma umeme ni kuzuri sana, bila watu wa umeme hata hiyo Arduino haiwaki. Ila huyo kijana akikuuliza, mwambie ni kozi mbili, halafu mpe transista moja aishike aone ile miguu mitatu.