Nyama ya kusindikwa: kilicho ndani ya soseji anayokula mtoto shuleni

Nyama ya kusindikwa ni nyama iliyotiwa chumvi, iliyowekewa dawa ya kuhifadhi, iliyochachushwa, iliyopigwa moshi au kubadilishwa kwa njia nyingine ili ikae muda mrefu au ipate ladha mpya. Ndivyo inavyoielezea IARC, taasisi ya utafiti wa saratani ya Shirika la Afya Duniani, yenye makao yake Lyon, Ufaransa. Katika kundi hilo wamo soseji, mortadela, salami, poloni (soseji nene ya kukatwa vipande), bekoni na nyama ya kopo. Nyama ya porini iliyokaushwa juu ya moshi nayo imo, ingawa wengi wetu hapa Lubumbashi tungeiita chakula cha asili tu.

Michopo haimo. Mbuzi aliyechinjwa leo, akakatwa vipande, akawekwa juu ya makaa na kuliwa na chumvi na pilipili pembeni, ni nyama ya kuchoma. Nyama ya kusaga isiyotiwa kitu nayo haimo. Natangulia kusema hivyo kwa sababu wazazi wakikaa kujadili chakula cha shule, mazungumzo huanza na soseji na kuishia kwenye nyama yote, na mtoto ananyimwa kitu ambacho mwili wake unakihitaji. Watoto wetu wengi wanakosa chuma na protini, si kwamba wamezidisha. Swali letu lisiwe kama mtoto ale nyama au asile. Tuulize ni nyama gani, imefanywaje, na imefika mezani kwa njia ipi.

Ukienda soko la Kenya, hapahapa Lubumbashi, kununua nyama ya ng'ombe, macho yanakusaidia. Unaona rangi, unaona mafuta, unanusa, unagusa, unakataa kipande kile na kuomba hiki. Nyama ikishasagwa mpaka ikawa uji, ikatiwa rangi, viungo na chumvi, na kufungwa kwenye plastiki, hayo yote hayapo tena. Mama mwenye uzoefu wa miaka thelathini jikoni hana namna ya kujua soseji ile imetoka kwenye paja au kwenye ngozi. Hapo ndipo wasiwasi wa wazazi unapoanzia, na mimi naona ni wasiwasi wa haki kabisa.

Soseji ya bei rahisi hutengenezwa kwa mabaki ya nyama baada ya vipande vizuri kutolewa, pamoja na mafuta, ngozi, maji au barafu, wanga, protini ya soya, chumvi na dawa za kuhifadhi. Mara nyingi huongezwa kitu ambacho kwenye vifungashio vya Kifaransa huandikwa VSM. Hii ni nyama inayopatikana kwa kusukuma mifupa ya kuku, yenye masalia ya nyama bado, kwenye chujio la mashine kwa nguvu kubwa. Mfupa unabaki upande mmoja, na upande wa pili unatoka uji laini wa rangi ya waridi. VSM siyo sumu. Lakini haina ubora sawa na nyama ya msuli, na kwa kuwa imesagwa hivyo, bakteria husambaa ndani yake kwa urahisi. Umoja wa Ulaya unataka itajwe kivyake kwenye kifungashio na isihesabiwe kama nyama. Kuitengeneza kwa mifupa ya ng'ombe kumepigwa marufuku Ulaya na Marekani tangu ulipotokea ugonjwa wa ng'ombe wazimu. Brazili huuza kiasi kikubwa cha uji huo wa kuku Afrika Kusini, ambako viwanda huugeuza kuwa poloni na soseji, na bidhaa za Afrika Kusini tunazijua, maana malori yanayopita Kasumbalesa, mpakani na Zambia, ndiyo yanayojaza maduka yetu.

Kuhusu dawa za kuhifadhi, inayozungumzwa zaidi ni nitriti ya sodiamu, ambayo kwenye kifungashio utaiona kama E250. Ina kazi mbili. Inaipa soseji ile rangi ya waridi ambayo nyama iliyopikwa kwa kawaida haina, na inazuia bakteria wa botulinamu, ambao sumu yao huua. Kwa hiyo si haki kusema kiwanda kinaiweka kwa hila tu. Shida ni kwamba ndani ya nyama, hasa ikikaangwa kwenye mafuta ya moto sana, nitriti inaweza kugeuka kuwa nitrosamini, na nyingi kati ya kemikali hizo husababisha saratani. Mkaango huo mtoto hukutana nao kila mapumziko, kwenye mkate uliotiwa soseji iliyokaangwa mpaka ikaungua kingo.

Mwezi Oktoba 2015 IARC iliiweka nyama ya kusindikwa katika kundi la kwanza la vitu vinavyosababisha saratani kwa binadamu, kundi lenye sigara pia. Habari hiyo ilieleweka vibaya mahali pengi. Kundi la kwanza lina maana kwamba ushahidi ni wa uhakika. Halina maana kwamba soseji moja ni sawa na sigara moja. Walichokadiria ni kwamba kila gramu 50 za nyama ya kusindikwa zinazoliwa kila siku huongeza hatari ya saratani ya utumbo mpana kwa asilimia 18. Gramu 50 ni kama soseji moja ya kawaida. Neno la kuzingatia hapo ni «kila siku». Mtoto aliyekula soseji siku ya sikukuu sina hofu naye. Ninayemhofia ni yule ambaye shule, au meza ya mlangoni mwa shule, inampa soseji ileile Jumatatu mpaka Ijumaa, mwaka mzima, na ulimi wake unazoea kwamba chakula kisicho na chumvi nyingi si chakula. Soseji hubeba takribani gramu 2 za chumvi katika kila gramu 100, wakati mtu mzima anashauriwa asifikishe gramu 5 kwa siku nzima, na mtoto apate chini ya hapo.

Saratani huchukua miaka mingi. Bakteria huchukua saa chache au wiki chache, na kwa shule zetu naliona hili ndilo la haraka zaidi.

Septemba 2005, kusini mwa Wales, watu 157 waliugua kwa bakteria wa E. koli O157, wengi wao watoto kutoka shule 44, na mtoto mmoja wa miaka 5 akafariki. Chanzo kilikuwa nyama iliyopikwa ambayo muuzaji mmoja alizipelekea shule. Alikuwa akifungasha nyama mbichi na nyama iliyopikwa kwa mashine ileile. Nyama ilikuwa imeshaiva, ikachafuliwa baada ya kuiva, na watoto wakaila ikiwa baridi. Nchi ile ina wakaguzi, ina maabara, ina umeme wa uhakika.

Mfano wa pili ni wa kwetu zaidi. Kati ya 2017 na 2018 Afrika Kusini ilipata mlipuko mkubwa wa listeriosisi, ugonjwa unaoletwa na bakteria aitwaye listeria, kuliko wowote uliowahi kurekodiwa duniani: wagonjwa zaidi ya 1,000 waliothibitishwa, na zaidi ya 200 wakafa, wakiwemo watoto wachanga wengi. Kwa miezi mingi hakuna aliyejua chanzo. Januari 2018 watoto wadogo wa kituo kimoja cha kulelea watoto huko Soweto waliugua, wachunguzi wakaenda kufungua frigo ya kituo, wakakuta poloni. Uchunguzi huo uliwafikisha kwenye kiwanda cha Polokwane, na tarehe 4 Machi 2018 serikali ikatangaza bidhaa ziondolewe madukani. Zambia na majirani wengine wakafunga mlango kwa nyama hizo. Listeria ana tabia mbaya: anaendelea kuongezeka hata ndani ya frigo, na mtu anaweza kukaa hadi siku 70 kabla ya kuugua. Moto unamuua. Lakini poloni huliwa bila kupashwa, inakatwa tu na kuwekwa kwenye mkate.

Sasa tuangalie njia ya soseji hapa kwetu. Inatoka kiwandani ikiwa imeganda, inakaa mpakani, inapakuliwa, inaingia kwenye friza ya muuzaji wa jumla, halafu ya duka la mtaani Katuba au Ruashi, ambako umeme unaweza kukatika usiku kucha. Inayeyuka, inaganda tena, na asubuhi inaonekana ngumu kama jana. OCC, ofisi ya serikali ya ukaguzi, hukagua bidhaa zinazoingia nchini, lakini cheti cha mpakani hakiwezi kueleza kilichotokea wiki tatu baadaye ndani ya friza isiyo na umeme. Halafu inafika kwenye beseni la mama muuzaji, na mwezi wa kumi jua la Lubumbashi linapita nyuzi 30. Chakula kilichopikwa hakitakiwi kukaa kwenye joto hilo zaidi ya saa mbili. Na hapa kuna jambo ambalo wengi hawalijui: bakteria wengine, kama stafilokoka, huacha sumu ambayo kuipasha soseji moto tena hakuiondoi. Simlaumu mama muuzaji. Anauza alichouziwa, na mara nyingi watoto wake wanakula kutoka beseni hilohilo.

Wazazi wa Marekani walikuwa na vita yao 2012, juu ya mabaki ya ng'ombe yaliyosagwa na kupigwa gesi ya amonia ili kuua bakteria, kisha kuchanganywa na nyama ya kusaga ya shule. Serikali ilishikilia kwamba ni salama. Kilichowaudhi wazazi ni kwamba hawakuambiwa, na mwezi wa tatu mwaka huo shule zikapewa ruhusa ya kuchagua nyama isiyo na mchanganyiko huo.

Kwa komite ya wazazi, pa kuanzia ni kifungashio. Omba katoni yenyewe, siyo maelezo ya mdomo. Viungo huandikwa kwa kufuata uzito, kilicho kingi kikiwa mbele. Kama mbele kuna VSM, maji na wanga, basi mnalipia maji. Tazama tarehe. Tazama kama barafu imejikusanya ndani ya plastiki na soseji zimeshikamana, kwa sababu hiyo ni dalili kwamba ziliyeyuka zikaganda tena. Uliza shule inafanya nini umeme ukikatika, na kama jibu ni kimya, soseji isiwe chakula cha shule hiyo. Kisu na ubao wa nyama mbichi visiguse kilichoiva. Kila soseji ipikwe mpaka katikati iwe moto kabisa, na poloni isipewe watoto wadogo bila kupikwa.

Kuna vya kuweka mahali pa soseji, na havihitaji friza. Yai la kuchemsha lililo bado ndani ya ganda lake. Maharage. Karanga. Ndagala (dagaa) wakavu waliooshwa na kupikwa vizuri na nyanya, wakaliwa na bukari (ugali): mtoto anapata protini, na kwa kuwa anamla ndagala na mifupa yake, anapata kalisi pia.