Nyanya za kubebesha: yanayodhaniwa na yaliyo kweli

Mkulima wa bustani ya nyumbani ambaye nyanya zake zimenyauka ghafla, zikiwa bado za kijani, huipokea habari ya miche ya kubebesha, yaani nyanya iliyoungwa juu ya shina la mmea mwingine wenye mizizi kinzani, kama dawa ya kila kitu. Dhana hiyo ndiyo yenye hasara kubwa kuliko zote. Shina la chini, lile lenye mizizi, hukinga yale tu yanayoingilia mizizini, yaani mnyauko bakteria, mnyauko fuzari unaoletwa na kuvu, na minyoo fundo inayotia mafundo mizizini, tena kwa kadiri ya ukinzani wa aina iliyochaguliwa. Ugonjwa wa bakajani chelewa hushambulia majani, na kantangaze, kiwavi wa nondo mdogo aliyeripotiwa Tanzania mwaka 2014, hutoboa jani na tunda bila kujali mizizi ni ya mmea gani. Hata jeni ya Mi, ambayo aina nyingi za nyanya huitegemea dhidi ya minyoo fundo, hulegea joto la udongo linapozidi nyuzi 28 hivi za Selsiasi. Ndiyo maana ni vyema kumtambua adui kwanza: kata kipande cha shina la mche ulionyauka, ukining'inize kwenye glasi ya maji safi, na uzi mweupe kama maziwa ukishuka kutoka kwenye mkato baada ya dakika chache, ni bakteria.

Wapo wanaodhani kwamba nyanya iliyobebeshwa juu ya bilinganya itazaa tunda lenye asili ya bilinganya. Sivyo, kama ambavyo embe dodo halibadiliki kuwa embe la shina lililolibeba. Mbegu za tunda hilo nazo ni za nyanya ya juu, hivyo atakayezipanda hatapata ukinzani wa shina la chini. World Vegetable Center, taasisi yenye makao makuu Taiwan na kituo Arusha, imependekeza bilinganya ya aina ya EG203 kuwa shina la chini, kwa kuwa huvumilia mnyauko bakteria na pia udongo uliotuamisha maji.

Kosa linalowaponza hata wazoefu hutokana na desturi nzuri ya kufukia shina la nyanya ili liongeze mizizi. Kwa mche uliobebeshwa, kiungo, yaani pale mashina mawili yalipoungwa, kikifukiwa, sehemu ya juu hutoa mizizi yake yenyewe, bakteria hupata njia, na kazi yote huwa bure. Kiungo kibaki juu ya udongo, na maotea yanayochipua chini yake yang'olewe mapema.

Maabara haihitajiki. Wembe safi, mikato miwili ya mshazari inayolingana, klipu ndogo, kisha siku tano hadi saba kivulini chini ya nailoni yenye unyevu mwingi, vinatosha. Ugumu uko katika kupata mashina yenye unene sawa, na kwa kuwa bilinganya hukua polepole, mbegu zake hutangulizwa siku chache. Palipo na udongo usio na magonjwa haya, mche wa kawaida unatosha.