Mawazo mema huanza na ukweli

Wafilipi 4:8, unaotuita kutafakari yaliyo ya kweli, ya haki, safi na yenye kupendeza, ni mstari unaopendwa sana. Hata fulana za kwaya huandikwa "yatafakarini hayo". Mimi ni katekista hapa Unguja, na swali linalonijia mara nyingi ni hili: "Mwalimu, mbona kila nikiyafukuza mawazo mabaya ndiyo kwanza yanazidi?"

Huwa nawarudisha nyuma kidogo, mstari wa 2. Paulo, naye yumo kifungoni, anamsihi Euodia, anamsihi Sintike, wawe na nia moja. Hawa ni wanawake waliofanya kazi ya Injili pamoja naye, na wamekosana. Kwa hiyo orodha ile ya mambo ya kutafakari imeandikiwa kanisa lenye ugomvi ndani, tena ugomvi unaojulikana na kila mtu.

Na kwetu haupungui. Mama mmoja wa kwaya alinijia baada ya mazoezi, simu mkononi, akanisikilizisha sauti aliyotumiwa WhatsApp. Mwenzake alisema tu kwamba sauti ya tatu wajifunze kwanza ndipo waje kuimba. Mengine yote, kwamba anamdharau, anautaka uenyekiti, keshamsema kwa padri, yalipikwa usiku kitandani. Nikamwuliza: yepi umeyasikia na yepi umeyaongeza? Kimya. Kisha: unajua jema gani lake? Hapo alikawia, akasema, "Kwenye msiba wa mama yangu, yeye ndiye aliyekaa jikoni mpaka watu wakaondoka." Basi hilo nalo ni kweli, nalo lina haki ya kufikiriwa. Sikumwambia asahau ile sauti. Maneno yalikuwa makali, na hilo pia ni kweli.

Paulo ameanza na "yaliyo ya kweli" kabla ya "yenye kupendeza", na naona mpangilio huo una maana. Wapo wanaodhani kufikiri mema ni kujidanganya. Waende Mkunazini, hapa Mji Mkongwe. Soko la watumwa lilifungwa mwaka 1873, baada ya Sultani Barghash kutia saini mkataba na Waingereza, na Askofu Edward Steere akajenga kanisa kuu palepale. Mbele ya altare pana duara la marumaru nyeupe sakafuni. Inasimuliwa kuwa ndipo uliposimama mti wa kuchapia watumwa. Hawakupafukia. Anayekwenda kupokea Komunyo anapaona kwanza.

Kufukuza peke yake hakutoshi. Yesu alisimulia, Mathayo 12, habari ya pepo aliyetoka, akarudi akaikuta nyumba tupu, imefagiwa, akaingia na wenzake saba. Ndiyo maana anayelala na dukuduku namwambia ashike Zaburi 63, ile inayomkumbuka Mungu kitandani, aisome kwa sauti ya chini, polepole, na asubuhi atende jambo moja dogo kwa yule mtu, hata salamu. Mstari wa 9 wa Wafilipi unasema "yatendeni", na wengi wetu tunauruka.

Ila mtu asiyepata usingizi kwa wiki kadhaa, au anayesema heri afe, simwachi na Zaburi peke yake. Jina la Kidongo Chekundu, hospitali ya wagonjwa wa akili hapa Unguja, linawatisha watu, wanaogopa kuitwa wendawazimu. Huyo namsindikiza mwenyewe mpaka kwa daktari, na ikibidi kungoja foleni, nangoja naye.