Waliificha F-117, kwa Hiyo Aurora Ipo?

Kila filamu yenye ndege nyeusi ya pembe tatu inapotoka, naletewa hoja ileile, tena kwa uhakika wa mtu anayedhani amefunga mjadala: Wamarekani waliikana F-117, ndege yao ya kukwepa rada, miaka yote ile, kumbe ilikuwepo, basi na Aurora, ile ndege ya siri inayodaiwa kuwa na kasi kubwa kuliko zote, ipo, wanaikana tu. Kazi yangu ni kukokotoa joto na mizigo inayobebwa na miili ya ndege za kasi kubwa. Hoja hii imenichosha, kwa sababu kisa cha F-117, ukikisoma hadi mwisho, kinaivunja.

Twende taratibu, maana hapa ndipo watu wanaporuka hatua.

F-117 ilipaa mara ya kwanza Juni 1981 na kuanza kazi rasmi 1983. Ilifichwa Tonopah, jangwani Nevada, na kwa miaka ya mwanzo iliruka usiku tu. Serikali ilikuja kuitangaza Novemba 1988, kwa picha moja yenye ukungu. Katikati ya miaka hiyo kila mfuatiliaji wa ndege alijua kuna kitu. Julai 1986 moja ilianguka California, rubani akafa, na jeshi likalifunga eneo zima la msitu. Siri ya ukubwa huo haifichiki yote, na kufikia hapo wavumi walikuwa sahihi kabisa.

Sasa tazama walichokichora. Waliiita F-19, kwa kuwa namba hiyo ilirukwa kati ya F-18 na F-20. Mwaka 1986 kampuni ya Testors ilitoa modeli ya plastiki ya kuunganisha yenye jina hilo: mwili laini ulioviringika, kingo zote zimelainishwa, mapezi mawili ya mkia yameinamiana. Modeli ikauzwa kupita kiasi. Riwaya zikaichukua, michezo ya kompyuta ikaichukua, na watu wengi wakaondoka na picha ya ndege ambayo haijawahi kuwepo. Pazia lilipofunguliwa ikatoka ndege ya vipande bapa, yenye pembe kila mahali, haina mkunjo hata mmoja wa maana. Namba haikuwa 19. Na licha ya ile herufi F, haikuwa ya kupambana angani: haikuwa na mzinga, haikuwa na rada, ilibeba mabomu mawili tumboni na kwenda kuyaangusha gizani. Uvumi ulikosea jina, ukakosea umbo, ukakosea kazi.

Kwa nini ulikosea umbo? Hili ndilo swali ambalo hakuna anayeniuliza, na lina jibu zuri kuliko uvumi wote. Mwaka 1962 mwanafizikia wa Kisovieti, Pyotr Ufimtsev, alichapisha huko Moscow kazi ya kukokotoa jinsi mawimbi ya redio yanavyotawanyika kwenye kingo za vitu. Miaka ya 1970 Denys Overholser wa Lockheed, kampuni iliyounda F-117, aliona kwamba hesabu ile inaweza kuingizwa kwenye kompyuta ili kutabiri ukubwa wa mwangwi wa rada kabla ndege haijaundwa. Tatizo lilikuwa kompyuta zenyewe. Kwa uwezo wa wakati ule, programu yao iliweza kushughulikia vipande bapa tu. Mikunjo ilikuwa mizito mno. Kwa hiyo waliunda ndege waliyoweza kuikokotoa. Sura ile ya ajabu ni alama ya udhaifu wa mashine za hesabu za mwaka 1975. Mchoraji aliyekaa mezani akiwaza “ndege ya siri” angeifikiaje? Angechora kinachofanana na kasi, na ndivyo alivyofanya.

Lakini sitaki kuificha sehemu inayonisumbua. Wakati huohuo kampuni ya Northrop ilikuwa na ndege nyingine ya siri, Tacit Blue, iliyopaa mara ya kwanza mwaka 1982 na kufichwa mpaka 1996. Nayo ilikuwa na mikunjo! Kwa hiyo aliyedhani kwamba ndege inayokwepa rada inaweza kuwa na umbo la mviringo hakuwa anaota. Kanuni aliipatia, na ndege za baadaye, ikiwemo B-2, ndege ya bomu inayokwepa rada, zilikwenda njia hiyo. Hapo msimamo wangu unalegea kidogo, nami nakubali ulegee. Ila tafuta picha ya Tacit Blue uitazame vizuri: ni sanduku lenye mgongo wa duara, na watu wa mradi wenyewe waliiita nyangumi. Hakuna mvumi aliyewahi kuichora, kwa kuwa haina mvuto wowote.

Na kuna uvumi unaotengenezwa na mwenye ndege mwenyewe. Mwaka 1940 Wajerumani walichukua ndege chache za Heinkel He 100, ambayo haikuingia kazini kama ndege ya kivita, wakazipaka alama za vikosi tofauti, wakazipiga picha na kuitangazia dunia ndege mpya, He 113. Marubani wa Uingereza wakaanza kuripoti kwamba wamepigana nayo. Walikuwa wakipigana na Messerschmitt. Hawa walikuwa watu wa macho makali, waliofundishwa kutambua ndege, na maisha yao yalitegemea kutambua. Shuhuda mwaminifu huona umbo alilokwisha kuandaliwa kuliona, kwa hiyo nisikieni vizuri ninapokataa kupokea “mimi niliiona kwa macho yangu” kama mwisho wa mazungumzo. Sisemi mtu anadanganya.

Tuje kwa Aurora. Jina lilijitokeza mwaka 1985 kwenye hati ya bajeti ya Marekani, karibu na ndege za upelelezi. SR-71, ndege ya upelelezi, ilipostaafishwa 1990, watu wakajumlisha: haiwezekani wastaafishe ndege ya Mach 3, yaani mara tatu ya kasi ya sauti, bila mrithi, na mrithi lazima awe wa Mach 5 au 6. Ben Rich, aliyeongoza Skunk Works, kitengo cha miradi ya siri cha Lockheed, hadi 1991, aliandika katika kumbukumbu zake za 1994 kwamba Aurora lilikuwa jina la kifungu cha fedha za shindano la ndege ya bomu lililozaa B-2. Najua mtajibu kwamba alikuwa analinda siri. Sawa, tumwache Rich. Niambieni basi kwa nini mwaka 1994 Bunge la Marekani lilitoa fedha kuirudisha SR-71 kazini, ndege ya zamani, ghali, yenye mafuta yake maalumu. Mwenye Aurora bandani angefufua SR-71 ya nini?

Hoja ya mishindo, kwamba ile iliyosikika California ilikuwa ya Aurora, naipita haraka. Ni kweli vipimatetemeko vya kusini mwa California vilinasa mishindo ya vitu vilivyovuka kasi ya sauti miaka ya mwanzo ya 1990. Kipimatetemeko hunasa mshindo. Hakisomi namba ya mkiani. Pwani ile ina maeneo ya mazoezi ya kijeshi yenye ndege nyingi zinazovuka kasi hiyo.

Nikae kwenye joto, kwa kuwa ndiyo kazi yangu na ndipo michoro yote inapokufa. Hewa ikisimamishwa ghafla mbele ya pua ya ndege, mwendo wake hugeuka joto. Hesabu ya haraka ni hii: chukua joto la hewa kwa kelvini, lizidishe kwa moja jumlisha 0.2 mara mraba wa namba ya Mach. Huko juu, kilomita 25 hivi, hewa ina kelvini 220 kwa makadirio. Kwa Mach 3.2 ya SR-71 unapata takriban kelvini 670, yaani nyuzi 400 za Selsiasi. Ngozi yenyewe hubaki chini ya hapo kwa kuwa hutoa joto kwa mnururisho, lakini hata hivyo aluminiamu haifai tena, ndiyo maana ile ndege karibu yote ni titani, na ndiyo maana matangi yake yalivuja ardhini: viungo viliachiwa nafasi ya kutanuka. Sasa weka Mach 6. Unapata kelvini 1,800, nyuzi 1,500 na kitu, ambako chuma kinayeyuka na titani imekwisha kupoteza nguvu zamani. Weka Mach 10 ya ile ndege ya Darkstar katika filamu ya Top Gun ya mwaka 2022, fomula inakupa zaidi ya 4,600. Hapo lazima niseme kwamba fomula yenyewe inadanganya, maana molekuli za hewa huanza kuvunjika na kumeza sehemu ya nishati hiyo, kwa hiyo jibu halisi ni dogo zaidi. Dogo zaidi, lakini bado la kutisha.

Kasi hizo zimefikiwa, na waliozifikia walitoa picha. X-15, ndege ya majaribio, ilifika Mach 6.7 Oktoba 1967, kwa roketi, baada ya kubebwa chini ya bawa la ndege ya bomu ya B-52, na ilirudi imeungua sehemu ya chini ya mkia. X-43A, isiyo na rubani, ilifika takriban Mach 9.6 mwaka 2004, injini ikiwaka sekunde kumi hivi. X-51A mwaka 2013 ilikwenda kwa injini dakika tatu na nusu, Mach 5.1. Hizo ndizo rekodi za watu wenye akili nyingi na fedha nyingi. Mvumi anataka niamini kwamba nyuma ya pazia kuna ndege inayofanya hivyo kwa saa nzima, na rubani ndani, toka 1989.

Joto hilohilo lingewaokoa na kosa hata watu wa ujasusi. MiG-25, ndege ya kivita ya Kisovieti, ilikuwepo kweli, lakini nchi za Magharibi ziliitazama kwenye picha, mabawa makubwa, midomo mikubwa ya injini, zikajitungia ndege nyepesi yenye wepesi wa kugeuka kuliko zao zote. Hofu hiyo ilichangia kuisukuma F-15, ndege ya kivita ya Kimarekani, iwe vile ilivyo. Septemba 1976 rubani wa Kisovieti aliyetoroka, Viktor Belenko, akatua nayo Hakodate, Japani. Wakaifungua: sehemu kubwa ni chuma, nzito, vifaa vya elektroniki vikitumia mirija ya vakyumu, imeundwa kukimbia moja kwa moja na si kucheza angani. Weka Mach 2.8 kwenye fomula yangu. Unapata karibu nyuzi 300, na anayekwenda huko bila kutaka taabu ya titani hutumia chuma, na chuma ni uzito. Mabawa yalikuwa makubwa kwa sababu ya mzigo.

Filamu zenyewe sizilaumu. Ile ya 1982 iliyomfanya rubani aibe ndege ya Kisovieti iitwayo MiG-31 ilitumia namba ambayo ndege ya kweli, kubwa na nzito, ilikuwa tayari nayo. MiG-28 ya Top Gun ya kwanza ni F-5 za Kimarekani zilizopakwa rangi nyeusi, na mtu yeyote anayejua ndege aliziona pale pale. Sinema inahitaji adui mwenye sura. Kinachonikera ni mtu anayechukua picha ya sinema na kuiweka kwenye faili moja na hati ya bajeti.

Kuna kisa kimoja ambacho sijakimaliza. Agosti 1989, kwenye mtambo wa kuchimba Bahari ya Kaskazini, mtu aliyekuwa mwanachama wa kikosi cha Uingereza cha watazamaji wa ndege, mjuzi wa kutambua ndege kwa umbo, aliona pembetatu nyembamba ikijazwa mafuta na KC-135, ndege ya kujaza mafuta angani, pembeni kukiwa na ndege mbili za kivita za F-111. Nimewaambia kuhusu He 113, kwa hiyo mnajua ninavyowapima mashuhuda. Huyu hata hivyo alikuwa na ndege tatu zinazojulikana za kulinganishia ukubwa na umbo, na hakutafuta umaarufu. Sina maelezo yanayoniridhisha. Lakini hata kwa maneno yake, alichokiona kilikuwa kinaruka polepole kando ya ndege ya mafuta. Mach 6 iliongezwa na wengine baadaye.

Anayetaka kunibadilisha mawazo asiniletee picha nyingine. Aniletee mafuta. Ndege ya Mach 6 ya masafa marefu huelekea kuhitaji haidrojeni ya kimiminika, kwa kuwa inapooza injini na ngozi vizuri. Mita moja ya ujazo ya haidrojeni hiyo ina kilo 71, ya mafuta ya taa ina 800 hivi. Kwa nishati ileile unahitaji tangi kubwa mara nne, kwa hiyo ile pembetatu nyembamba mnayonitumia inavimba kama pipa. Kisha nionyesheni kiwanda cha kuigeuza haidrojeni kuwa kimiminika, malori ya kuibeba na matangi ya kuihifadhi uwanjani. Vitu hivyo ni vikubwa kuliko ndege yenyewe, vinakaa nje, na setilaiti za kibiashara hupita juu yake kila siku.