Miaka 241 si kifungo cha maisha?

Mwaka 2010, katika kesi ya Graham dhidi ya Florida, Mahakama ya Juu ya Marekani iliamua kwamba aliyetenda kosa kabla ya kutimiza miaka 18, na hakuua, hawezi kufungwa maisha bila nafasi ya parole, yaani kuachiliwa mapema kwa masharti. Msingi wake ni Marekebisho ya Nane ya Katiba, yanayokataza adhabu za kikatili. Mwaka 2012 kesi ya Miller ikaongeza kuwa hata aliyeua, sheria isimlazimishe jaji kumpa kifungo hicho bila kupima umri wake.

Wengi huishia hapo. Mimi huwaambia wajumlishe miaka kwanza.

Bobby Bostic wa St. Louis, jimbo la Missouri, alikuwa na miaka 16 aliposhiriki uporaji wa kutumia silaha mwaka 1995. Risasi zilifyatuliwa, ila hakuna aliyekufa. Jaji Evelyn Baker alimpa kila kosa kifungo chake, kisha akaamuru vifuatane badala ya kutumikiwa kwa pamoja. Jumla ikawa miaka 241, na Bodi ya Parole ingemsikiliza akiwa na miaka 112. Serikali ya Missouri ikang'ang'ania kwamba Graham inahusu kifungo cha maisha kwa kosa moja, si makosa mengi yaliyojumlishwa. Mwaka 2018 Mahakama ya Juu ikakataa kumsikiliza.

Basi kila jimbo likashika lake. California ilishakikataa kifungo cha miaka 110 kwa kijana tangu 2012. Illinois, mwaka 2019, ikasema kwa kijana kifungo kinachozidi miaka 40 ni sawa na cha maisha. Colorado nayo mwaka 2017 iliacha miaka 84 isimame, na hapo siwaelewi kabisa: Graham ilidai mfungwa apate fursa ya kweli ya kuonyesha amebadilika, na mtu haonyeshi lolote akiwa kaburini.

Mwaka 2021, katika kesi ya Jones, Mahakama ya Juu ilisema jaji halazimiki hata kutamka kwamba kijana aliyeua harekebishiki kabla ya kumfunga maisha bila parole. Tangu hapo mimi huangalia zaidi mabunge ya majimbo. Mwaka huohuo Missouri ilipitisha sheria inayowapa wengi wa vijana hawa nafasi ya parole baada ya miaka 15. Jaji Baker, akiwa mstaafu, alikuwa ameshajitokeza hadharani kumwombea kijana yuleyule. Bostic akatoka Novemba 2022.