Je, wajua kinachomsumbua pengwini wa bustanini: jua au watazamaji?

Siku ya jua bustani ya wanyama hufurika watu, na siku hiyo hiyo pengwini huonekana wamezubaa, wamejificha au wanadonoana. Lawama huwaangukia watazamaji. Lakini joto na umati huja pamoja, na usipovitenganisha huwezi kumjua mkosaji.

Kazi hiyo ilifanyika Italia, kuanzia Juni hadi Agosti 2014, kwa pengwini wa Afrika, ambao kwao ni pwani za Namibia na Afrika Kusini. Kila awamu ilikuwa ya siku mbili: siku ya kwanza watafiti walihesabu watu na kupima hali ya hewa. Siku ya pili wakaokota kinyesi, kwa sababu homoni za msongo huchukua saa kadhaa kutoka mwilini. Walipata sampuli 285. Idadi ya watazamaji haikubadilisha kiwango cha homoni. Wastani wa joto la siku ulipopanda, homoni nazo zilipanda, ingawa upepo na unyevu hewani vilipunguza makali.

Pengwini hawa wameumbwa kwa ajili ya maji ya Benguela, mkondo baridi wa bahari unaopita pwani hizo: manyoya yao yamebanana ili joto lisitoke. Nchi kavu, juani, vazi hilo huwageukia. Mtazame mmoja kwa karibu. Huligeuzia jua mgongo, hufungua mdomo na kutweta, hutanua mabawa mbali na mbavu ili upepo upite chini yake, na kipande cha ngozi tupu juu ya jicho huwa chekundu, maana damu nyingi hupelekwa hapo ipoe. Ukiona dalili hizi kwa wengi wao, ongeza kivuli na maji ya kunyunyiza kabla hujafikiria kufunga lango. Angalia pia kama kuta za kioo hazijaziba upepo.

Asiyeingia majini kabisa huenda anapukutisha manyoya. Kwa takriban wiki tatu hukaa nchi kavu na hali kitu, kwa kuwa vazi lake halizuii maji. Huyo ndiye wa kutengewa kivuli kwanza, bwawa halimsaidii.

Mvua na baridi pia huleta matatizo, na kosa la kawaida ni kudhani kila pengwini ni wa barafu. Huko Scarborough, Uingereza, mwanzoni mwa 2014, pengwini wa Humboldt walipewa dawa za kupunguza sonona baada ya wiki kadhaa za mvua na upepo. Si ajabu: asili yao ni pwani kavu za Peru na Chile. Hata pengwini wafalme wa bustani ya Calgary, Kanada, waliozoea baridi, waliingizwa ndani wakati wa baridi kali ya mwisho wa 2017.

Je, watazamaji hawana neno? Wanalo, ila wanavyokaribia huenda kukawa na uzito kuliko wingi wao. Katika bustani ya Melbourne, Australia, wanaishi pengwini wa aina ndogo, ndege wa sentimita 33 hivi. Eneo lao lilipokuwa wazi kwa watu, walisongamana, waligombana zaidi na kukaa mbali na upande wa watazamaji. Watu waliweza kuinama juu ya bwawa na kugusa maji. Waliporudishwa nyuma mita 2 kwa kizuizi, hofu hiyo ilipungua. Kamba na nguzo chache, basi.

Anayetaka kupima bustanini kwake ahesabu kila dakika 10 walio majini, kivulini na viotani, akiandika pia joto, upepo na idadi ya watu. Saa ya kulisha aiache nje ya hesabu: umati hujaa kwa sababu ya samaki, na pengwini huogelea kwa sababu ya samaki hao hao. Kisha alinganishe siku za mawingu zenye watu wengi na siku za joto zenye watu wachache.

Kuna hali moja isiyosubiri hesabu. Pengwini akijitenga na kukataa samaki msimu wa mbu, apimwe damu upesi. Malaria ya ndege, inayoenezwa hasa na mbu aina ya Culex na isiyotuambukiza sisi, inaweza kumuua ndani ya siku chache, na dalili za mwanzo ni rahisi kuzidhania uchovu wa joto.